Anga finyu kando ya Kibo

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliondoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44, abiria na wafanyakazi wake pamoja. Muda mfupi baada ya kuruka kukasikika kishindo. Ilikuwa imegongana na Cessna 172 ya shule ya urubani ya Ninety-Nines, nayo ya hapo hapo Wilson. Dash 8 iligeuza, ikatua salama, abiria wakashuka kwa miguu yao. Cessna iliangukia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na wawili waliokuwamo, mkufunzi na mwanafunzi, wakafa. Ndege mbili, uwanja mmoja, mnara mmoja wa kuongozea ndege, mchana kweupe.

Ukiwa Moshi ni rahisi kuichukua ajali ile kama msiba wa jirani. Wilson ina msongamano, Moshi haina. Kule ndege hupanga foleni, huku zinahesabika kwa vidole. Mimi naona kinyume. Ndege za mafunzo hazigongani kwa sababu zimejaa angani, zinagongana kwa sababu zinavutwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na sijui sehemu nyingi Afrika Mashariki ambako mvuto huo ni mkali kama miguuni pa Kilimanjaro. Tena naona kwamba kinga tunayoitegemea kuliko zote, yaani macho ya rubani, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Kinachowaokoa wanafunzi wa urubani ni mapatano yanayofanywa chini, injini zikiwa bado zimezimwa: nani atakuwa wapi, kwa urefu gani, saa ngapi, na atajitambulisha kwa maneno gani. Macho yabaki kuwa ngao ya mwisho, si ya kwanza.

Tuanze na mlima. Mtu akiitazama Kibo kutoka mjini hudhani anga ya hapa haina mwisho. Rubani wa ndege ndogo anaona ukuta. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, zaidi ya futi 19,300, ilhali Cessna 172 ya kawaida huishia futi 14,000 hivi. Hata tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi, ambalo wapanda mlima hulivuka kwa miguu, liko mahali ambapo injini ya aina hiyo imeshaishiwa pumzi. Mswisi Walter Mittelholzer alipita juu ya Kibo mwaka 1930 na kuipiga picha, lakini Fokker yake ilikuwa na injini tatu. Wenye injini moja huzunguka. Nao hawazunguki kwa karibu, kwa sababu mlima huu una kumbukumbu mbaya: mwezi Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga, na watu wote 20 wakapotea. Kila rubani anafundishwa kukaa mbali nao. Ushauri huo ni sahihi, ila una gharama ambayo haitajwi sana: wote wanaokaa mbali na mlima wanajikuta wamesukumwa katika ushoroba ule ule.

Ushoroba wenyewe ni kusini. Kutoka Moshi ardhi inashuka kupita mashamba ya miwa ya TPC hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, tambarare, wazi, penye nafasi ya kutua kwa dharura. Mkufunzi yeyote mwenye akili atampeleka mwanafunzi wake huko kufanya mazoezi ya kuzima injini kwa kuigiza, na mkufunzi wa pili mwenye akili atafanya hivyo hivyo. Mashariki kuna Himo, Ziwa Chala na mpaka wa Taveta, ambako ndege za Kenya zinazotoka Amboseli na Tsavo zinaweza kuchomoza zikiwa bado zinasikiliza masafa ya kwao. Magharibi, kwa mstari ulionyooka takriban kilomita 30 tu, uko Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971, ambao njia yake ya kuruka imelala mashariki kwa magharibi. Ndege kubwa inayoruka KIA kuelekea mashariki, au inayokuja kutua ikielekea magharibi, inaisogelea anga ya Moshi bila hata kukusudia. Ongeza ndege za watalii kati ya Arusha, KIA na mbuga, ongeza helikopta zinazopanda kuchukua wagonjwa mlimani, na picha ya anga tupu inaanza kufifia.

Kisha kuna saa. Kilimanjaro huonekana vizuri asubuhi na mapema, na mara nyingi kabla ya adhuhuri mawingu yameshaifunika. Hewa nayo, kadiri jua linavyopanda, huanza kuchemka juu ya uwanda na kuitikisa ndege ndogo mpaka mwanafunzi asijue kama ni yeye anayekosea au ni joto. Kwa hiyo mwalimu anataka asubuhi. Mtalii anayelipia kuizunguka Kibo kwa ndege anataka asubuhi. Helikopta ya uokoaji inataka asubuhi. Katika miezi ya baridi mawingu mazito hukaa chini chini juu ya miteremko ya kusini, na yakifunguka kidogo, wote waliokuwa wakingoja huruka pamoja. Ukichukua ndege chache za siku nzima ukazibana katika saa tatu na katika ukanda mmoja wa ardhi, hesabu ya vidole haina maana tena.

Mafunzo yenyewe yanaongeza hatari kwa namna ambayo safari ya kawaida haiongezi. Ndege inayosafiri inakwenda mbele kwa urefu mmoja. Hata usipozungumza na rubani wake unaweza kukisia atakuwa wapi baada ya dakika mbili. Ndege ya mafunzo inageuka mzunguko mzima, inapanda, inapoteza kasi kwa makusudi hadi mabawa yaache kuibeba, inashuka mamia ya futi, kisha inaanza upya. Zoezi la injini kuzimika ni kushuka kwa kasi kuelekea shamba ambalo huenda mwingine yuko chini yake. Ndani, mwanafunzi ameikazia macho saa ya kasi, mkufunzi anamtazama mwanafunzi. Katika mafunzo ya kuruka kwa vyombo mwanafunzi huvishwa kikinga macho ili asione nje kabisa, na jozi moja tu ya macho inabaki na dunia nzima. Wakirudi uwanjani wanapiga saketi, zunguko hilo hilo la mstatili, mara nane, mara kumi, kwa futi elfu moja juu ya ardhi; kwa Moshi, ambayo uwanja wake uko kama futi 2,800 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni futi 3,800 kwenye kipimo cha kila mmoja.

Waswahili husema macho hayana pazia. Kwenye chumba cha rubani yanayo, na mengi. Cessna ina mabawa juu ya kichwa, hivyo ikigeuka, bawa la upande wa kugeukia linafunika pale pale inapokwenda. Piper nyingi zina mabawa chini, hivyo hazioni kilicho chini yao. Iweke Piper juu ikishuka na Cessna chini ikiwa kwenye mstari wa kutua, na umepata jozi ambayo kila mmoja amefichwa na bawa lake mwenyewe. Kuna nguzo ya kioo, kuna jua la asubuhi, kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, na kuna Kibo yenyewe, ambayo humvuta kila abiria na, tuseme ukweli, kila rubani kutazama upande mmoja.

Hata pasipo pazia, jicho lina udhaifu wa maumbile. Ndege inayopita mbele yako huhama kwenye kioo, na jicho hudaka kinachohama. Ndege mtakayogongana nayo haihami. Inabaki pale pale kwenye kioo kama doa la mdudu, ikikua polepole mno, mpaka sekunde za mwisho inapotanuka ghafla. Mamlaka ya anga ya Marekani imekadiria muda anaouhitaji rubani: sehemu ya kumi ya sekunde kuona kitu, sekunde moja kukitambua kuwa ni ndege, sekunde 5 kugundua kwamba mnakutana, 4 kuamua, nusu sekunde hivi mkono uitike, na 2 ndege yenyewe ikubali kugeuka. Jumla ni sekunde 12.5. Cessna mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda noti 100, zinakaribiana kwa mita zaidi ya 100 kila sekunde, kwa hiyo anayetaka kuokoka lazima awe ameshamwona mwenzake wakiwa na karibu kilomita moja na robo kati yao, au zaidi kidogo ikiwa hana haraka ya mawazo. Kwa umbali huo mabawa ya mita 11 yana upana wa mwezi mpevu angani na unene wa uzi.

Na je, marubani huona? Mwaka 1991 Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT ilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa angani na marubani wa ndege ndogo, ambao hawakuonywa kwamba ndege nyingine italetwa karibu nao. Katika makutano 64, waliiona mara 36. Karibu nusu ya makutano yalipita bila wao kujua. Walipopewa kifaa cha kuwaonya upande wa kutazama, waliona mara 57 kati ya 66. Hao ni watu wenye leseni, si mwanafunzi wa saa kumi na tano ambaye mkono wake bado unaitafuta swichi. Naichukua takwimu hii kuwa na uzito kuliko mahubiri yote ya kumwambia mwanafunzi atoe macho nje, ingawa mahubiri hayo ni ya kweli.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kurekebishwa, kwamba ndege hugongana uso kwa uso kama mabasi kwenye kona. Uchunguzi wa ajali 105 za kugongana angani zilizotokea Marekani kati ya 1964 na 1968 ulionyesha kwamba asilimia 82 zilitokea wakati ndege moja ikiikaribia nyingine kwa namna ya kuipita, na asilimia 5 tu ndizo za uso kwa uso. Zaidi ya robo tatu zilitokea futi 3,000 au chini yake, karibu na viwanja. Mwenye kasi humpanda asiye na kasi kwa nyuma, wote wakielekea mahali pamoja. Hilo ndilo lililotokea San Diego tarehe 25 Septemba 1978: Boeing 727 ya kampuni ya PSA iliifikia kutoka nyuma Cessna 172 iliyokuwa katika mafunzo ya kuruka kwa vyombo. Waongoza ndege walikuwa wamewaambia marubani wa Boeing kwamba Cessna ipo, nao waliiona, kisha wakaipoteza na kudhani wameshaipita. Watu 144 walikufa, wakiwamo 7 waliokuwa chini, nyumbani kwao.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: anga ya Kilimanjaro si ya California. Kweli. Lakini mfano wenye nguvu zaidi hautoki penye msongamano. Tarehe 8 Julai 2025, karibu na Steinbach katika jimbo la Manitoba, Kanada, nchi iliyo bapa kama sinia, isiyo na kilima cha kumziba mtu, wanafunzi wawili wa shule moja walikuwa kila mmoja peke yake katika ndege yake, wakifanya mazoezi ya kuruka na kutua. Waligongana wakija kutua, na wote wawili wakafa. Pale palikuwa na anga ya kutosha taifa zima. Kilichokosekana ni nafasi kwenye mstari mmoja wa kutua kwa dakika moja. Wanaopendekeza mafunzo yahamishiwe mahali patupu, kama ilivyo shule ya Soroti iliyojengwa kwenye uwanda wa Uganda enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, wana hoja nzuri kuhusu kutenganisha wanafunzi na ndege kubwa. Hawana jibu kuhusu kutenganisha wanafunzi na wanafunzi. Tena rubani atakayefanya kazi Tanzania Kaskazini lazima ajifunze mlima, upepo wake na mawingu yake, na hivyo havifundishiki ukutani.

Jibu la pili ni rada. Serikali ilisaini mwaka 2017 mkataba wa rada nne za kuongozea ndege za kiraia, kwa Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, kwa gharama ya shilingi bilioni 67.3, na leo mwongoza ndege wa KIA anaona mbali kuliko wale waliomtangulia. Sibezi uwekezaji huo. Lakini mawimbi ya rada hayapindi kona. Ndege iliyo chini chini upande wa pili wa Kilimanjaro imejificha nyuma ya mwamba mkubwa kuliko wote barani. Rada ya kisasa pia hutegemea ndege yenyewe ijibu kwa kifaa kiitwacho transponda. Ndege isiyo nacho, au ambayo rubani wake amesahau kukiwasha, haimpi mwongozaji urefu wake. Mfumo wa TCAS wa kuonya dhidi ya kugongana, ulio ndani ya ndege za abiria, una upofu huo huo. Mwaka 1986 huko Cerritos, California, ndege ya Aeroméxico iligongana na Piper ndogo ambayo haikuwa ikitangaza urefu wake, watu 82 wakafa, na ni baada ya hapo Wamarekani walipoamua kwamba kutangaza urefu karibu na viwanja vikubwa si hiari. Zaidi ya yote, mwongoza ndege hana wajibu wa kuzitenganisha ndege zote zinazoruka kwa kutazama. Mara nyingi humpa rubani taarifa tu, kisha kazi ya kuona inarudi kwa rubani. Tumerudi kwenye jicho.

Basi tuongeze kifaa. Hapa ndipo wakufunzi wa zamani hukunja uso, na wana sababu. Mwanafunzi mwenye skrini huitazama skrini. Anadhani isiyoonyeshwa haipo, ilhali kifaa huonyesha tu ndege zinazojitangaza. Hata hivyo mbadala wake ni ule wa kukosa karibu nusu ya makutano. Tarehe 19 Februari 2020, karibu na Mangalore katika jimbo la Victoria, Australia, ndege mbili za mafunzo ziligongana, watu 4 wakafa, ingawa marubani wa pande zote walikuwa wameshaambiwa kwamba kuna ndege nyingine. Wachunguzi walihitimisha kwamba kifaa cha kupokea matangazo ya ADS-B, ambayo ndege hutoa kueleza ilipo, ndani ya ndege hizo kingewapa onyo mapema zaidi kuliko redio. Kufikia 2022 serikali ya nchi hiyo ilikuwa inarudisha nusu ya gharama ya vifaa hivyo, hadi dola 5,000 za Australia kwa ndege moja. Uingereza ilifanya kama hayo kwa vifaa vidogo vya kubandika kiooni, vinavyouzwa kwa pauni mia chache. Na Uswisi, nchi ya milima kuliko sisi, ilizaa mwaka 2004 kifaa kiitwacho FLARM kwa ajili ya ndege zisizo na injini, ambazo zilikuwa zikigongana kwa sababu zote zilitafuta upepo ule ule kwenye mteremko ule ule. Huo ndio ufanano ninaouona na Moshi: mlima hukusanya. Kifaa cha aina hiyo kwa shule yenye ndege tatu si bei ya shilingi mbili, lakini ukilinganisha na gharama ya kuifanyia injini matengenezo makubwa, ni chenji. Kifungwe mahali ambapo mwanafunzi anakisikia kwa sikio na mkufunzi ndiye anayekitazama.

Lakini nilisema kinga ya kweli iko ardhini, na kifaa hakiko ardhini. Chukua ramani ya uwanda wa kusini, kutoka barabara kuu hadi Nyumba ya Mungu, ukaigawe vipande vichache ambavyo mipaka yake mgeni anaiona kwa macho: ukingo wa miwa, reli, mto, ufuko wa bwawa. Kila shule, klabu na mmiliki wa ndege ajue kipande chake kwa saa hiyo, na urefu wake, kama wavuvi wanavyojua nani ametega wapi. Anayetaka kufanya zoezi la injini kuzimika alifanye katika kipande ambacho hakuna anayepita chini yake. Si lazima sheria mpya itungwe Dodoma. Ubao ukutani na simu kati ya wakufunzi asubuhi vinatosha kuanzia, ilimradi Mamlaka ya Usafiri wa Anga ibariki na waongoza ndege wa KIA wawe na nakala ile ile.

Kuna pingamizi la haki hapa: ukipanga vipande na vituo, unawakusanya watu kwenye vituo. Ni kweli kabisa kwa alama moja moja. Ukiwaambia wote waripoti juu ya bwawa, wote watakuwa juu ya bwawa. Ndiyo maana napendelea eneo kuliko alama, na upande kuliko mstari. Barabara ya Moshi hadi Arusha ni mfano hai. Kila rubani anaifuata kwa sababu haipotei, anayekwenda na anayekuja, na kama wote wanaipenda kuwa chini ya pua, wanakutana juu yake. Desturi ya urubani ni kuiacha barabara upande wa kushoto wako, yaani wewe upite kulia kwake. Na mkikabiliana, kila mmoja ageukie kulia. Kwa Mtanzania hilo si jambo dogo. Amekulia kwenye barabara ya kushoto, mwili wake umezoea kukimbilia kushoto hatari ikija, na katika sekunde ya mshtuko mwili haungoji somo. Mkufunzi wa hapa ana la kurudia mara nyingi kuliko mkufunzi wa Ufaransa.

Redio nayo inasifiwa kupita kiasi. Tangazo la mwanafunzi kwamba yuko maili tano kusini lina thamani ikiwa ni tano kweli na ni kusini kweli, na mwanafunzi mpya huwa hajui kwa uhakika kimojawapo. Mwenyeji akisema yuko juu ya TPC, rubani aliyetoka Nairobi hana habari TPC ni nini, wala ukubwa wa mashamba yale haumsaidii. Na wapo wanaotangaza wakadhani tangazo limewapa haki ya njia. Huko Watsonville, California, mwezi Agosti 2022, kwenye uwanja usio na mnara, marubani wa ndege zote mbili walikuwa wakitangaza walipo. Mwenye injini mbili alikuja moja kwa moja kutua kwa kasi kubwa mno bila kuingia kwenye zunguko, akamfikia Cessna 152 kwa nyuma, watatu wakafa. Kuja moja kwa moja huokoa mafuta ya dakika tatu, na kwenye viwanja vyetu vidogo, vingi vikiwa havina mnara, mwenye abiria wanaolipa hushawishika. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko mwanafunzi. Mwanafunzi ni mwepesi kutabirika: yuko kwenye saketi, futi elfu moja, kushoto. Mwenye haraka ndiye asiyejulikana.

Sehemu ngumu kuliko zote si ya kiufundi. Ili vipande vya ramani viwe sahihi lazima ijulikane ndege zinapokaribiana kweli, na hilo linajulikana kwa njia moja: rubani aliyenusurika aseme. Uingereza ina bodi maalumu inayopokea taarifa za nusura za angani na kuzichapisha zote, kila moja na uchambuzi wake, bila kuwataja marubani. Kwetu rubani mwanafunzi aliyepishana na mwenzake kwa mita hamsini anarudi, anafunga ndege kamba, na anafikiria leseni ambayo wazazi wake wameuza shamba kuigharamia. Nani atamlaumu akinyamaza? Taarifa za nusura zikipelekwa mahali pasipotoa adhabu, tungepata katika mwaka mmoja ramani ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuichora kwa kukaa mezani. Na kwa sababu anga inayouzunguka mlima ni ya nchi mbili, chombo cha usalama wa anga cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA kilichoko Entebbe, kingekuwa mahali pa kuamua jambo dogo lakini la lazima: rubani anayezunguka mlima kutoka upande wa Amboseli abadili masafa wapi, kabla ya kuwa tayari yuko kati ya wanafunzi.

Wako watakaosema kwamba ndege ndogo huanguka zaidi kwa injini, hali ya hewa na ubishi wa marubani kuliko kwa kugongana, kwa hiyo fedha na muda viende huko. Nakubali kuhusu idadi. Sikubali kuhusu mgao, kwa sababu vitu hivi havigombei mfuko mmoja. Injini inataka vipuri na fundi mwenye leseni, vitu vya fedha nyingi. Mpango wa uwanda wa kusini unataka ramani, kalamu, na wakufunzi, wenye ndege za watalii, marubani wa helikopta na mwongoza ndege mmoja wa KIA kwenye meza moja kwa muda wa saa mbili. Tena injini ikizimika, mwanafunzi aliyefundishwa vizuri ana uwanda mzima wa kuchagua pa kushukia. Akigongwa futi 3,800 hana cha kuchagua. Shida ni kuwapata watu hao wote kwa wakati mmoja, kwani asubuhi nzuri kila mmoja yuko angani. Kikao kinaweza kufanyika mojawapo ya zile asubuhi za Julai ambazo mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, Kibo haionekani, na hakuna anayeruka.